Maelezo ya Picha Yaliyosomwa Dukani

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, katikati ya Babati.

Kosa nililianza zamani, nilipoanza tu kujifundisha kutengeneza tovuti. Kila picha ina kisanduku kidogo cha maelezo, kwa ajili ya watu wasioona. Nikajiuliza, Babati hii nani atayasoma? Basi nikawa naandika humo kasoro za picha, nije nizirekebishe baadaye. (Mimi nikiona lebo imepinda, silali.)

Leo Mama Upendo, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Mutuka wanaokamua alizeti, kanipeleka kwa Baba Rehema, mwenye duka la jumla mjini. Akiyakubali mafuta yao, kikundi kinapata duka la kwanza la kuyauza. Tovuti ni kazi yangu. Hadi shati nilichomekea!

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, hiyo tovuti iko wapi?"

Baba Rehema haoni, kwa hiyo nikaanza kumsomea. Akanikatiza. "Tulia, kijana. Simu yangu inasoma yenyewe."

Nikakumbuka vile visanduku vyangu.

Simu ikaanza, kwa sauti kavu, duka zima linasikia: "Picha. Chupa. Lebo imepinda, aibu."

Nikakohoa. Haikusaidia.

"Picha. Mwenyekiti. Amekodoa macho kama kaona nyoka. Tafuta mwingine anayevutia."

Mteja mmoja akaweka sabuni yake chini ili asikie vizuri.

"Nani huyo kaona nyoka?" Mama Upendo akauliza.

"Ni... simu tu, mama. Za siku hizi zinajisemea."

Akaniangalia. Macho yaleyale ya pichani.

"Picha," simu ikaendelea (ningeweza kuimeza!). "Bango la mwisho kabisa, la pili."

Baba Rehema alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Kisha akaacha. "Macho ya mwenyekiti nimeshayajua. Chupa zenu zina ujazo gani?"

Ujazo wote ulikuwa ndani ya bango, na bango ni picha; simu ilisoma jina la faili tu. Nililichora siku tatu. Mtu niliyemtaka alisome hakuambulia hata herufi moja. Hapo nyoka nilimsahau. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe.

"Andika sasa hivi," Mama Upendo akaniamuru.

Nikakaa juu ya gunia la sukari, nikaandika ujazo wote kwa maneno. Nikafuta uchafu wangu wote. Nikafika kwenye picha yake: "Mwenyekiti amesimama, amevaa kitenge cha njano..."

"Weka, anatabasamu."

"Lakini mama, hapa hukutabasa..."

"Weka!"

Nikaweka.

Baba Rehema akasikiliza upya. "Lita moja, lita tano. Sasa mmeniambia kitu. Leteni katoni mbili tuone."

Mama Upendo kapanda bodaboda bila kuniaga. (Anasali na mama yangu, kwa hiyo Jumapili naijua itakavyokuwa. Msicheke, nawaomba.)

Tangu leo kila bango langu lina maneno yake chini, na maelezo ya picha hayatoki kabla sijamsomea mwenye sura.