Kaka Yangu Mkubwa na Bima ya Wazee

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Nimemshonea mwalimu mkuu suruali, mifuko ikatokea nje. Kanirudishia mbele ya wateja. Daktari alishasema: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nisipopasuliwa mwaka huu, cherehani niiage. Bima yangu ya kawaida hulipia dawa ya matone, basi. Upasuaji unalipiwa na bima ya nyongeza ya wazee, kuanzia miaka sitini. Ijumaa ndiyo mwisho wa kuandikisha watu bila kuwapima afya. Baada ya hapo, mwenye macho kama yangu hapokelewi tena.

Nina sitini na sita. Shida ni kwamba nilipomuoa mke wangu wa sasa, miaka miwili iliyopita, nilimwambia nina hamsini na sita. Kwa hesabu hiyo leo nina hamsini na nane.

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alijiandikisha mwaka jana. Kapasuliwa. Sasa anasoma gazeti kwa sauti mlangoni pake ili nimsikie. Mshenzi! Ananiita mdogo wangu. Mimi namwita mzee, na neno hilo nalivuta kwa raha zangu zote. Ana sitini na mbili tu! Akijua umri wangu, mtaa mzima utajua kabla hajamaliza kunyoa kichwa kimoja.

Jumatano, 5 Machi

Akili imenijia. Nimekwenda ofisi ya bima, nikamwambia wakala, binti mpole sana, kwamba nataka kumwandikisha kaka yangu mkubwa. Akasema kaka aje mwenyewe, na kitambulisho. Sawa. Kaka atakuja.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka amekwenda. Unga kichwani, bakora mkononi, mgongo nimeupinda. Nikakohoa mpaka wakala akaniletea maji. Nikampa kitambulisho changu halisi. Hata mwaka wa kuzaliwa hakuusoma; akatazama picha, nywele nyeusi tititi, akanitazama mimi. Akauliza kama huyo kwenye picha ni mwanangu.

Mwanangu! Nilimshukuru kwa mikono miwili. Akaniambia nimrudishie kijana kitambulisho chake, nije na changu. Nikaondoka natabasamu njia nzima. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba sikujiandikisha.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kagundua. Kakuta unga kwenye kola ya shati, akanibana, nikatapika yote isipokuwa umri. Hakugomba. Kaenda mwenyewe kumleta wakala. Binti akasema yaliyopita yamepita, ila kwa mchezo wa jana lazima nitamke umri wangu kwa mdomo wangu, mbele ya shahidi asiye wa nyumbani. Shahidi akaitwa.

Mke wangu akaniketisha, akasema taratibu, "Mume wangu, umri wako niliuona kwenye cheti cha ndoa, siku ile ile tulipofunga. Nikanyamaza kwa sababu nakupenda. Utaje tu, upone macho."

Nilitaka kulia. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile. Nikafungua mdomo.

Shahidi akaingia. Kinyozi! Eti ndiye jirani pekee aliyekuwa na nafasi. Akavuta kiti, akakunja nne. "Mdogo wangu, kumbe na wewe umefika huku kwetu wazee?"

Wakala akauliza umri.

"Hamsini na nane," nikasema.

Wakala akafunga mkoba wake. Mke wangu akaingia chumbani, akajifungia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelala sebuleni. Asubuhi nimeshindwa kutunga uzi. Mke wangu kaja, kaichukua sindano, kaitunga, kaniwekea mezani bila kunitazama. Imeniuma, sifichi.

Lakini kinyozi bado ananiita mdogo wangu, tena leo mbele ya wateja wawili! Na suluhisho nimelipata. Nimepiga hesabu vizuri: bado miaka miwili tu nitimize sitini. Siku hiyo nitaingia ofisini kwao kifua mbele, nijiandikishe bila kumdanganya mtu.