Komisheni ya Maelewano kati ya Mashine

"Wakazi wote wa Kisangani wanajulishwa kwamba, kuanzia leo, kompyuta za utawala zitaelewana, zipende zisipende!"

Ndivyo Komisaa Kataliko alivyotangaza, katika mwaka wa pili wa vita, akizindua Komisheni ya Maelewano kati ya Mashine. Wajumbe kumi na mmoja walipiga makofi. Philomène, fundi pekee aliyekuwemo, hakupiga. Kaka yake alikuwa amefariki Yangambi, matanga yangefungwa Jumapili, na boti ilikuwa ya Ijumaa.

Ruhusa yake ya kusafiri iliandikwa kwenye kompyuta ya mjini. Ilipaswa kusomwa na kompyuta ya bandarini, yenye mfumo mwingine kabisa. Kila faili ya mjini ikifika kule iligeuka visanduku na misalaba.

"Mama, humu mutu haiko," askari wa bandarini alimwambia. "Iko misalaba tu. Donc, ulishakufa?"

Jumatatu Philomène aliandika programu ndogo. Iliivua faili mapambo yote, ikabakiza herufi tupu ambazo kompyuta zote mbili zinazijua. Mwendesha toleka akaipeleka diskete bandarini kwa baiskeli, na faili ikasomeka mara moja. Komisheni ilishtuka sana.

"Faili imevuka muji muzima bila muhuri?" Komisaa aliuliza. "Bon. Igongwe muhuri."

Diskete ikafunuliwa kibati chake, muhuri ukagongwa ndani kabisa, kwa wino mwingi na kwa heshima zote. Haikusomeka tena mjini wala bandarini. Komisheni iliandika kwenye ripoti kwamba, kwa mara ya kwanza, mashine zote mbili zimekubaliana.

Jumatano Philomène alileta ruhusa yake kwenye diskete nyingine, ndani ya bahasha ya kugongea muhuri. Komisaa aliridhika, akasaini amri, nayo ikapelekwa bandarini kupitia programu hiyohiyo: asipande boti mtu yeyote, wa cheo chochote, ambaye kompyuta ya bandarini haijamsoma.

Alhamisi Komisaa aliandikiwa ruhusa yake mwenyewe, maana naye alikuwa na kikao Yangambi.

"Excellence, tuipitishe kwenye programu?" Philomène aliuliza.

"Herufi tupu ni za watu wa soko, Mama Philo. Yangu ibaki na nembo, maandishi ya kupinda na vyeo vyangu vyote tisa."

"Itakwama, Excellence."

"Cheo haikwamake."

Ijumaa askari alisoma jina la Philomène kwa sauti, polepole, kisha akampa pole ya msiba. Philomène akapanda na kitambaa chake cheusi. Komisaa alipofuata, askari alikuta misalaba tu kwenye kioo cha kompyuta.

"Papa, huku hauonekane."

"Ni mimi nilisaini ile amri!"

"Amri ilifika muzuri sana, Excellence," askari alisema, huku akifungua kamba ya boti. "Ni weye tu haujafika."