Darasa Linalompwaya Aaliyah

Kadija Nakhumicha,
Fundi wa Nguo, Kiminini.

Kwa Madam Jelagat, Mwalimu Mkuu,

Salamu nyingi Madam, na pole kwa kazi ya watoto wetu.

Mimi ni mama Aaliyah wa kidato cha tatu, yule fundi wa sketi. Naandika mwenyewe, kwa hivyo mahali mwandiko umepanda mlima, nivumilie. Nimeletewa fomu ati Aaliyah awe akienda Bungoma kila Jumamosi kusomeshwa hesabu za chuo kikuu, ili siku akijiunga na chuo zihesabiwe kuwa amezimaliza. Sahihi yangu inatakiwa kufikia Ijumaa. Madam, napinga kwa heshima zote. Sababu ni hizi:

1. Darasa hilo linampwaya. Nimepima watu miaka kumi na tisa, na nguo ya mtu mzima haivalishwi mtoto. Juzi tu Aaliyah alikimbizwa na jogoo wa jirani mpaka kiatu kikabaki nyuma. Huyo ndiye wa chuo kikuu?

2. Mimi niliachia darasa la tano. Kila jioni nakagua kazi yake, natingisha kichwa, nasema vizuri lakini ongeza bidii. Mwaka jana nilikagua kurasa tatu nzima za hesabu. Aaliyah akaligeuza daftari polepole, juu ikawa juu, akasema, "Endelea, mama." Sasa hizo za chuo nitazikagua namna gani? Nimeona mfano. Hakuna hata namba, ni herufi tupu, na zingine zimelala.

3. Sellah anayeuza mboga karibu na cherehani yangu alisikia "chuo kikuu" mara moja tu. Kufikia alasiri Kiminini yote ilijua Aaliyah amehitimu. Mzee Kibiwott akaleta ndama anayeharisha, ati daktari amwangalie. Nilipaswa kumwambia ukweli. Nikamwambia daktari yuko shule, nikampa ndama maji ya chumvi na sukari. Bahati mbaya akapona. Sasa kuna foleni.

4. Hii ndiyo kubwa. Nimeambiwa hesabu zikimalizwa mapema, hata chuo kinaweza kumalizwa mapema. Si basi ataajiriwa mapema, aolewe mapema, ahamie huko kwenye theluji, na mimi niwe nyanya wa kwenye simu, wajukuu wakinisalimia mtandao unapotea? Yote hayo kwa sahihi moja ya Ijumaa! Madam, Aaliyah ndiye peke yake niliye naye. Akitoka shule, kabla hajaweka begi chini, ananiuliza, "Mama, umekula?" Sasa nani ataniuliza?

Kwa hivyo naomba shule ifunge hilo darasa. Ikishindwa, chuo kikuu kihamishiwe Kiminini, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi kuna nafasi. Hiyo pia ikishindwa, niruhusiwe kukaa nyuma ya darasa kila Jumamosi. Nitakuja na cherehani yangu, haipigi kelele sana.

Nisalimie walimu wote, wapishi, mlinzi wa geti, na hata yule mwalimu wa hesabu aliyeanzisha haya maneno.

Mzazi wako, nikiwa na wasiwasi lakini sina ubaya,
Kadija Nakhumicha

Nyongeza: Madam, nilikuwa natafuta bahasha Aaliyah akaja na sketi yake nimfungulie pindo, ati imekuwa fupi tena. Ni ile niliyomshonea akiingia kidato cha kwanza. Ilikuwa inafagia sakafu, wenzake wakamwita Pazia, akalia. Nikamwambia vaa tu, utaijaza. Leo nimefungua pindo la mwisho. Alikuwa amesimama hapo mbele yangu, fomu mkononi.

Fomu iko humu ndani, nimetia sahihi. Siku akikulilia ati darasa ni kubwa, tafadhali mwambie wewe avae tu, kwa sababu mimi nitaanza kulia kabla yake. Namba moja mpaka tatu zifute. Namba nne iache, lakini usimsomee.