Kuhusu Kigari Kilichopita Nyumbani kwa Mama Mkwe

Migori, Agosti 1967

Kwa Mwalimu Cephas Monari,
Mkubwa wa Kamati ya Mashindano ya Roboti.

Mwalimu, mwana wa watu,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi, maana ukisimama hutazimaliza. Natumaini u mzima. Kama u mzima, ni Mungu tu amekuhurumia, hukustahili.

Ijumaa iliyopita nilikaa benchi la mbele katika ukumbi wa shule yako. Nikaviona vigari vya wanafunzi vikitembea juu ya meza vyenyewe, bila kusukumwa, bila kamba, kwa betri za tochi na masharubu ya waya yanayopapasa njia. Uliviita roboti. Mimi darasa sikulikanyaga hata siku moja, lakini macho ninayo. Maneno haya ni yangu, mkono ni wa mjukuu wangu Mokeira. Nimetumia Kiswahili, si Kikisii chetu, ili kamati yako yote isome, muone haya pamoja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Juu ya meza ulijenga boma la makaratasi magumu: lango mbele, ghala nyuma, na katikati nyumba ya mama mkwe. Ukasema kila kigari ni mkwe anayewapelekea wakwe zake gunia la mahindi, na kitakachofika ghalani upesi ndicho mshindi. Halafu nyumba ya mama wa watu ukaitoboa milango miwili, mmoja huku na mmoja kule, kama daraja! Wewe ni mtoto wa Kisii. Kwetu mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe hata nyumba ikiungua. Anamwagia maji akiwa nje. Ni nani alikufundisha kuchora njia?

2. Kigari cha kijana Kerosi kiliingia humo bila hodi, kikakanyaga mahali ambapo kitanda kingekuwa, kikatokea nyuma. Nanyi kamati mkapiga makofi! Mzee Mochama, ambaye ameoza mabinti watatu, alipanda juu ya kiti ili aone vizuri. Aone nini?

3. Kigari cha Mokeira kilifika langoni kikasimama. Kikatulia, kama mtoto aliyelelewa. Mkacheka. Ukapuliza filimbi yako ukasema, "Kimeshindwa." Kimeshindwa nini? Kilikuwa kinangoja kukaribishwa! Katika ukumbi ule wote, nikikuhesabu na wewe mwenye tai, hicho peke yake ndicho kilikuwa na adabu, na hicho ndicho mlichokiondoa mezani kwa kukishika mgongo kama kuku wa kuuzwa.

4. Nilipokufuata nje uliniambia, tena kwa ule upole wenu wa kuudhi, "Mama, hicho ni chuma tu, hakijaoa." Sawa. Kama hakijaoa, kinatafuta nini kwa wakwe?

5. Madhara yameshafika. Nyabuto, baba yake Mokeira, aliyemwoa binti yangu, alikuwa ukumbini. Tangu aoe amekuwa akiizunguka nyumba yangu kwa mbali, hata mvua ikinyesha, na mimi nikimsikia nageukia ukuta, tunaheshimiana vizuri kabisa. Jumapili nilikuwa nyuma ya nyumba naoga kwenye karai. Nikasikia nyayo. Ni Nyabuto, anakatiza uani kwangu na jembe begani! Nikapiga yowe. Akafunika uso kwa kofia, lakini hakusimama. "Samahani mama, hii ndiyo njia fupi." Mwalimu, maneno hayo si yake, ni ya meza yako! Leo ni uani, kesho ni sebuleni, keshokutwa nitaamka nimkute ameketi kitandani kwangu anavaa soksi. Na wakwe wote wa Migori wakijifunza hivyo, sisi mama wakwe tutahamia wapi? Tukienda kisiwani Rusinga watatufuata kwa mashua. Tutaingia ziwani. Na tukishaingia ziwani, nani ataoza mabinti? Ndoa zitakwisha, watoto watakwisha, na wewe utabaki shuleni na meza yako na filimbi.

6. Huyo huyo Nyabuto ameapa kwamba Mokeira asipochaguliwa kwenda mashindano ya Homa Bay, waya zake zote atazitupa chooni, kwa kuwa mambo ya waya si ya msichana. Mtoto huyu ameomba redio zilizokufa soko zima. Ameunguza vidole kwenye jiko langu akiunganisha vyuma. Tangu Ijumaa ugali anautazama tu. Hata sasa ananiambia, "Bibi, hilo la ugali usiliseme." Nami namwambia, andika.

Kwa hiyo naomba meza hiyo ivunjwe. Ijengwe nyingine, yenye ghala karibu na lango. Kila kigari kikifika langoni kisimame, kikohoe, kingoje sauti ya mwenye nyumba. Umesoma mpaka Kampala. Kukifanya chuma kikohoe ni kazi gani? Cha Kerosi kitoe mbuzi wa faini. Na Mokeira awe wa kwanza, kwa adabu.

Nisalimie mkeo na watoto, na mpishi wa shule, na Mzee Mochama, umwambie ashuke kwenye kiti. Zaidi nisalimie mama mkwe wako, popote alipojificha.

Ni mimi nisiyependa ugomvi,
Nyanchoka, bibi yake Mokeira
(kidole gumba changu hiki hapa)

Nyongeza: Usivunje meza. Juzi, barua ilipokwisha, Mokeira aliweka kalamu chini akaniambia kwamba kigari chake hakikuwa kinangoja kukaribishwa na mtu. Sharubu lake la waya lilinasa kwenye uzi ulioshikilia makaratasi ya lango, basi. Sasa amelifupisha. Jana tulijenga boma lako juu ya meza yangu kwa makopo na magunzi ya mahindi, akakiachilia. Mwalimu! Kiliingia kwa mama mkwe kama upepo, kikatokea kule, kikafika ghalani kabla sijamaliza kigelegele. Cha Kerosi ni konokono. Mpe mtoto nafasi moja tu kabla ya Homa Bay, na usisogeze hata ukuta mmoja wa nyumba ile. Mama mkwe mwambie aende sokoni siku hiyo.