Nilivyomtafsiria Mama Mkwe Habari za Orka

Wenzangu, leo nimevuliwa nguo mbele ya boti nzima. (Si kweli kweli. Nguo nilikuwa nazo, tena sweta mbili na koti.) Naandika haya nikiwa nimejifungia bafuni hotelini, na sitoki mpaka njaa inishinde.

Niwape chanzo, na nikiri mapema: chanzo ni wivu.

Mama mkwe alikuja kututembelea huku Marekani, Bloomington, Minnesota, wiki sita zilizopita, kutoka Kisii. Mama mzuri. Hana neno. Shida ni mwanawe. Tangu mama atue, Baba Tasha amekuwa mtu mwingine. Kwenye gari mama anakaa mbele, mimi nyuma na mifuko ya viazi. Asubuhi mama anaulizwa, "Umelalaje?" Mimi, miaka tisa ya ndoa, nikirudi kutoka makao ya wazee ninakofanya kazi, naulizwa soksi ziko wapi.

Sasa siku moja mama akaona orka kwenye TV. Wale nyangumi weusi wenye mabaka meupe. Akasema tu, "Viumbe wa maana hawa." Basi! Kesho yake Baba Tasha ameshaomba ofu kazini, ameshakata tiketi za ndege za kwenda jimbo la Washington, pwani ya magharibi, na ameshatutafutia boti ya kwenda kuwaona baharini.

Nikamwambia, "Tunaishi kwenye jimbo la maziwa elfu kumi. Miaka tisa nakuomba unipandishe boti. Hata ile ya kukanyaga kwa miguu hujanipandisha!"

Akajibu, "Si sasa utapanda?"

Nitapanda. Kama mzigo wa ziada!

Watoto tukawaacha Anoka kwa dada yangu, Nekesa. Jana tukaruka. (Kiti cha dirishani: mama.) Leo asubuhi tukaingia kwenye boti, watu kama arobaini hivi. Baridi ya bahari ile si kama ya kwetu. Ya Minnesota inakuzaba kofi usoni ikaenda zake. Hii inaingia mpaka ndani ya soksi, inakaa. Baba Tasha akamfunika mama blanketi, akamfunga leso mpaka masikioni, akamvisha glavu. Glavu ZANGU.

"Wewe umezoea baridi," akaniambia.

Nikatabasamu. Tabasamu hilo mnalijua.

Saa ya kwanza, maji. Saa ya pili, maji, na sili mmoja amelala juu ya mwamba kama mtu aliyepewa likizo. Baba Tasha akashuka chini kuleta chai. Alituuliza nani anataka? Alimuuliza mama.

Hapo ndipo yule dada aliyekuwa anatuongoza akashika kipaza sauti, akaanza kutufundisha habari za orka. Injini inanguruma, upepo unavuma. Akasema dume la orka hapa halimwachi mama yake maisha yote. Limekua, lina mwili kama basi, bado linaogelea ubavuni mwa mama. Mama akikamata samaki, anamkata vipande viwili, kimoja anampa mwanawe. Dume likitaka jike, linatembelea familia nyingine siku chache, halafu linarudi. Linarudi kwa nani? Kwa mama!

Abiria wote wakasema "Oooh!" kama wameonyeshwa mtoto mchanga.

Mimi moyo ukanichoma. Yaani nimekaa kwenye ndege masaa manne kuja kusomewa habari za nyumba yangu kwa kipaza sauti!

Mama akanigeukia. "Mama Tasha, huyo anasema nini?"

Ndugu zangu, shetani alikuwa amekaa palepale katikati yetu. Na yeye hakuwa na tiketi.

"Anasema, mama," nikaanza kwa upole, "kwamba dume likishakua, linamwacha mama yake."

"Linamwacha?"

"Kabisa. Linahamia kwa mke wake. Mama naye anahamia bahari nyingine."

"Ehe."

(Ningeishia hapo, saa hizi ningekuwa mtu na heshima zake. Sikuishia.)

"Tena likikamata samaki, wa kwanza kupewa ni mke. Mama akija kutembea, anakaa siku mbili tatu, anarudi kwake. Ndiyo maana wanyama hawa wanaishi kwa amani."

"Amesema hayo yote?"

"Yote, mama. Ni sayansi."

Mama akatazama maji, akatikisa kichwa polepole. Nikamwonea huruma kidogo. Halafu nikaona glavu, huruma ikaisha.

Mara nahodha akazima injini. Kimya! Yule dada akaja upande wetu, akasema kwa kuwa kulikuwa na kelele, atarudia kwa faida ya waliokosa kusikia. Akarudia. Neno kwa neno. Hatua mbili kutoka alipokuwa mama, ambaye alikuwa ameisukuma leso nyuma ya masikio.

Sikutishika. Si ni Kiingereza? Atajuaje?

"Kuna mwenye swali?"

Mkono ukainuka kando yangu. Una glavu zangu.

Mama akapokea kipaza sauti kama mtu aliyezaliwa nacho. Akakohoa kidogo. Halafu kikatoka Kiingereza ambacho mimi, pamoja na cheti changu cha uuguzi, sijawahi kukisema. Kimenyooka. Kimepigwa pasi. Nawapa kwa Kiswahili:

"Asante kwa maelezo yako mazuri. Nina tatizo dogo. Mke wa mwanangu, huyu hapa mwenye kofia nyekundu, amenitafsiria kwamba dume likikua humwacha mama yake, na mama huhamia bahari nyingine. Wewe nimekusikia ukisema halimwachi mpaka kufa. Ningependa kujua, kati yenu, ni nani aliyewasomea wanyama hawa?"

Watu arobaini wakanigeukia. Mzee mmoja alicheka mpaka darubini ikamponyoka. Mke wake akanipigapiga begani, akaninong'oneza, "Pole. Hata mimi ninaye mama mkwe." Yule dada mwenyewe alikuwa amegeuka mwekundu, hajui acheke au aendelee na somo.

Ndipo Baba Tasha akaibuka ngazini na kikombe kimoja cha chai. "Kuna nini? Mbona kila mtu anamtazama mke wangu?"

Kabla sijapata uongo wa pili, nyuma yao kukasikika: PFUUUH!

Orka! Walikuwa wametokea upande wa pili wakati boti nzima inanitazama mimi. Watu wakakimbilia huko. Mbele jike kubwa, kando yake dume, pezi la mgongoni limesimama refu kunishinda. Ubavu kwa ubavu. Mama akizama, linazama. Mama akiibuka, linaibuka.

Baba Tasha machozi yakamlengalenga. "Mama, ona wanavyopendana!"

Nikatamani kujitupa majini wanile. (Dada alishasema hawa hawali watu. Hata hilo nikanyimwa.)

Tukiwa njiani kurudi bandarini nikamvuta mume wangu pembeni. "Mama anajua Kiingereza?"

"Si alikuwa mkalimani kortini miaka ishirini na tano? Kwani hukujua?"

Nilijua alifanya kazi kortini! Nilidhani anapika chai!

"Na mbona nyumbani ni Kiswahili tu?"

"Mimi ndiye niliyemwomba. Ili watoto wajifunze."

Wiki sita! Wiki sita nampigia Nekesa simu kwa Kiingereza, tena spika wazi, mama ameketi hapohapo jikoni anamenya viazi, akiinua macho ananitabasamia. Nilisema anaosha kikombe kimoja kwa muda wa kuosha gari. Nilimwita mgeni asiye na tiketi ya kurudi. Nilimwigiza na kikohozi chake!

Nikaenda nikaketi kando yake. "Mama, nisamehe."

"Mkalimani akitafsiri vile kortini, asiye na hatia anafungwa."

"Najua, mama."

"Na tiketi ya kurudi ninayo. Iko mkobani. Nikuonyeshe?"

Mungu wangu!

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka anajifuta macho. Akanisogezea nusu ya blanketi. "Mama Tasha, hata mimi nilimwonea wivu mama mkwe wangu. Nilimsema miaka na miaka, yeye ameketi palepale. Kwa Kiingereza."

"Naye akakusamehe?"

"Anisamehe nini? Yeye kweli alikuwa hakijui."

Basi, sasa hivi anagonga mlango wa bafu, ananiita nikale. Ameniita kwa Kiswahili, kwa Kikisii na kwa Kiingereza, nisije nikasema sikuelewa. Natoka. Msinicheke, jamani. Kazini kuna dada mmoja Msomali. Jumatatu namwomba anifundishe lugha yake, ila kwanza nitamuuliza mama kama hiyo nayo aliwahi kuitafsiri kortini.