Nyanya Nne za Kwanza Mabawe

Leo nimejiaibisha, tena mbele ya kanisa zima. Nawasimulia mwenyewe kabla wambea hawajawafikia.

Mnajua nilivyohangaika na zile nyanya. Baridi hii ya kijiji chetu cha Mabawe! Miche nimeilea jikoni, kwenye makopo, karibu na mafiga. Ilipohamia bustanini, kila jioni naifunika shuka. (Shuka letu la kitandani, ndiyo. Mke wangu Devota aliniuliza, "Na mimi utanifunika lini?")

Jirani yangu Baba Oliva kila akipita anacheka. "Nyanya kwenye baridi hii? Utavuna majani!" Wiki hii nne zikaiva. Nyekundu! Za kwanza kijiji kizima! Nikapanga leo akitoka kanisani nimwite azione zikiwa bado kwenye mche, afunge mdomo wake.

Asubuhi Devota akawahi kwaya. Mimi nikabaki (nilisema kichwa kinauma, Mungu ananijua). Nikaenda bustanini, nikafunua shuka. Hakuna nyekundu hata moja! Zimechumwa zote nne, mbichi zimeachwa, tena kwa utaratibu. Kuku hachumi hivyo.

Nani mwingine? Nikatoka mbio hadi kwa Baba Oliva. Nikamkuta mama yake anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi. Baba Oliva yupo?"

"Marahaba, mwanangu. Yuko kanisani, leo ndiye anayenadi sadaka."

Mwizi, halafu ananadi sadaka!

Nikaenda vilevile, kaptura ya shamba na mabuti ya matope. Ibada imeisha, watu wako nje kwenye mnada. Kuna mikungu ya ndizi, kuna jogoo kafungwa miguu. Na mbele yao wote Baba Oliva kainua sahani. Juu ya sahani, nyanya nne. Zangu! Moja ina kovu ubavuni, naijua kama mwanangu.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Nyanya zangu hizo!"

Watu wote wakageuka, hata jogoo.

"Ni zako, jirani," Baba Oliva akasema taratibu. "Ndiyo kwanza nimetangaza. Malimbuko ya nyumba yako. Nimeomba hata radhi kwamba nilikubeza."

Mchungaji akanisogelea. "Baba, si ulisimama hapa mwenyewe ukasema baridi isipoziua, za kwanza ni za Bwana?"

Nilisimama. Nilisema. (Wakati ule zilikuwa na majani mawili! Nani anakumbuka?)

Devota kajifunika uso kwa kitenge. "Na jana nilikukumbusha kwamba nitazileta. Ukasema 'mmh'."

Nilikuwa naangalia mpira.

Lakini bado nina hasira, acheni niseme. Zote nne? Bwana angepungukiwa nini akipata tatu? Mimi niliyebeba ndoo za maji msimu wote sijaonja hata mbegu! Nikataka nizigombee palepale mnadani, nikapapasa mfuko wa kaptura, nikakuta kamba ya kufungia miche tu. Akazinunua Baba Oliva.

Sasa tumemaliza kula maharage, hayana nyanya, na Devota kanigeuzia mgongo. Simu imelia hivi punde. Ujumbe wa Baba Oliva: "Jirani, nakiri. Ni tamu."

Asicheke mtu. Zilizobaki bado mbichi, na safari hii simwahidi yeyote, hata aliye juu.