Mzee Mfaume Hajafa

Jumamosi, 2 Julai 1994
Nimerudi salama kutoka Kariakoo, ingawa njia nzima niliona kila abiria akilitazama boksi langu. Siku hizi kila kitu kimeruhusiwa kuingia nchini. Muuzaji alinishauri nichukue maikrofoni ya kawaida, ya kushika karibu na mdomo. Kwa matangazo ya barabarani, alisema, maneno yatoke makavu. Nikauliza ile mashine ya pembeni ni ya nini. Ya eko, akasema, ya waimbaji. Inarudiarudia mwisho wa neno. Nikaijaribu. Sauti yangu! Nilijiogopa mwenyewe. Nimenunua vyote viwili, na honi ya kutangazia. Mtangazaji Zaidi, mwenye honi pekee hapa Kibiti, atanitambua.

Jumatatu, 4 Julai
Hofu. Honi nimeifunga kwenye baiskeli, betri iko kapuni. Zaidi kapita, kaniambia kwa upole kwamba nikitangaza huku natetemeka hivi, watu watadhani nauza barafu. Jibu lilinijia baadaye, nikiwa chooni.

Jumatano, 6 Julai
Balaa, au bahati, bado sijui. Mzee Mfaume, mwenye nyumba wetu, alikwenda shambani kwake Ngorongo. Pantoni la Ndundu la kuvusha mto likaharibika, akachelewa, na mji ukasema kazama. Leo asubuhi amerudi na kukuta mikeka ya matanga imetandikwa na bafta ya sanda imeshanunuliwa. Kaniita mimi, si Zaidi. Nizunguke mji mzima niwaambie watu ukweli, na nikivuruga nitafute chumba kwingine. Mzee huyu hapandishi sauti, ndiyo maana namwogopa. Chumba kikienda na kazi imekwenda, na mimi na mke wangu Recho tunarudi Mpwapwa kusimangwa na baba mkwe.

Nikafungua eko hadi mwisho na kutangaza: Mzee Mfaume hajafa. Fupi, zito. Honi ikaendelea yenyewe hadi sokoni: afa, afa, afa. Wanawake waliweka vikapu chini wakashika vichwa. Nikaona wameguswa. Nikaongeza sauti.

Alhamisi, 7 Julai
Nimejifungia ndani. Waombolezaji wamejaa uani kwa Mzee Mfaume, na mtu harudishwi msibani na njaa. Amechinja mbuzi kwa ajili ya matanga yake mwenyewe. Hilo lingepoa. Lakini gari kutoka Ruaruke limemshusha mwanamke aitwaye Tabu, tayari yumo ndani ya nguo za eda, anamlilia mumewe. Bi Mwamvua, mke tunayemjua sote, akamuuliza mume gani huyo. Mzee Mfaume alikuwa kasimama palepale na sahani ya pilau ya msiba wake.

Recho, ambaye ni muuguzi wa zahanati, amenieleza taratibu, kama anavyoeleza wagonjwa, kwamba walio mbali walisikia mkia wa neno tu. Nimemwambia hayo ni maneno ya Zaidi.

Mlango unagongwa. Ni Mzee Mfaume, namjua kwa kikohozi. Mungu wangu, Mpwapwa.

Ijumaa, 8 Julai
Nipo hai na chumba ninacho. Bi Mwamvua amemfungia nje mumewe, Tabu naye kaondoka na gari lilelile, kwa hiyo Mzee Mfaume amelala kwenye mkeka wetu. Kwa kuwa hana pengine pa kulala, habari ya kutufukuza hakuitaja. Sikufumba jicho, niliogopa kukoroma. Asubuhi kaniambia jambo moja: nisitangaze tena neno lenye “fa” maadamu yeye yu hai. Nimeapa.

Na mambo yamefunguka! Kisima cha mji kimetiwa dawa ya kusafisha maji, na mganga wa zahanati anataka watu watangaziwe wanywe bila wasiwasi. Recho alipendekeza aitwe Zaidi. Nimewahi mimi. Tangazo nimelipima kila upande, halina “fa” hata moja, na neno zito nimeliweka mwishoni ili eko ilibebe vizuri:

Maji ya kisima hayana sumu.